Mabakuli ya Kijani ya Bi Amne

Malori bado yanapita. Yanatoka Segera yakiwa na simenti na mafuta, yanapunguza mwendo yakiikaribia Korogwe, kisha yanaguna na kuondoka tena, na ardhi ya Kwamndolwa inasisimka kidogo kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Zamani, kila lori lilipopita, nyumba ya Bi Amne Mdoe iliitika. Sauti ilitoka sebuleni, ndani ya kabati la mninga. Ulikuwa mlio mwembamba wa vioo vinavyogusana, bilauri kwa bilauri, bakuli kwa bakuli, kama watu wanaonong'ona kanisani au msikitini kabla ya ibada kuanza. Wajukuu walisinzia kwa mlio huo, na majirani waliuzoea.

Siku hizi lori linapita, ardhi inatetemeka, na nyumba inakaa kimya. Hafsa, binti yake anayeishi pale na wanawe, anasema mwanzoni alikuwa akishtuka usingizini kwa sababu ya ukimya huo, jinsi mtu anavyoamka feni ikizimika. Kabati lenyewe lipo. Limewekwa vitabu vya shule, chaja za simu na mfuko wa unga wa mtoto. Ukilifungua linanuka ndimu bado.

Bi Amne alikuwa mkusanyaji wa vyombo vya kioo vya zamani. Hakuvutiwa na hivi vyepesi vya dukani ambavyo ukivitazama vibaya vinapasuka. Vyake vilikuwa vizito, vya enzi ya wazungu wa mkonge na maduka ya Wahindi. Bilauri zake zilikuwa na punje punje kama hindi lililokauka, majagi yalichorwa nyota ubavuni, na mabakuli yake madogo ya mguu yalikuwa yale ambayo watu wa mashambani waliyaona kwenye meza za mabwana yakiwa na kastadi ndani. Vyombo vya namna hiyo havikupulizwa na fundi kwa mdomo. Kioo kilimiminwa kikiwa uji wa moto ndani ya kalibu ya chuma, kikakandamizwa, kikatoka na michoro yake yote. Ndiyo maana kila kimoja kina mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Bi Amne aliuita mshono. Alipenda kuupitishia kidole huku ameangalia mbali, kama mtu anayesikiliza.

Alianza na kazi ya mali kwa mali. Mwanamke anajitwika beseni kubwa lililojaa mabeseni madogo, ndoo na vikombe vya plastiki, anapita mlango kwa mlango akiita, na mwenye nyumba humtolea nguo kuukuu akachagua chombo kipya. Wenzake walirudi na mafurushi ya mashati. Amne alirudi na mashati machache na kitu kimefungwa katikati, ndani ya kanga. Mumewe Awadhi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa anapima mkonge kwenye mzani wa shamba moja la huko bondeni, na alikuwa mtu wa maneno.

"Wenzangu wake zao wanaleta nguo," alikuwa akisema mbele ya wageni. "Mimi mke wangu anawapa watu plastiki mpya, analeta vyombo vya wafu. Hizo bilauri wenyewe wamekufa wote."

"Na wewe ukifa nitakuweka humo humo," Amne alimjibu. "Rafu ya chini."

"Rafu ya chini? Mume mzima?"

"Za juu zimejaa."

Alifika mbali. Alikaa Segera njia panda akingoja gari, akaona mama muuza chai ametia vijiko vyake katika bilauri ya rangi ya asali, akaliacha gari liende. Alipanda hadi Bungu, milimani, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi na sauti ya mtu humfikia mwenzake kabla ya sura. Huko, kwa mama mmoja aitwaye Dorkasi, aliona vifaranga wanakunywa maji katika chombo cha sukari cha rangi ya waridi, chenye masikio mawili.

"Mama, hicho wanachonywea vifaranga, tunaweza kubadilishana?"

Mama Dorkasi aliinama, akakitazama kama anakiona kwa mara ya kwanza. "Hiki? Umetoka Korogwe yote hiyo, umepanda mlima huu na beseni kichwani, uje uwanyang'anye vifaranga wangu kikombe?"

"Nitawapa bakuli jipya. Halivunjiki."

"Nyinyi watu wa bondeni jua limewapiga." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, chukua. Lakini ujue hawa wamezoea ufahari. Wakigoma kunywa nitakufuata huko huko kwako."

Amne alishuka na chombo kile mapajani. Nyumbani alikisugua kwa majivu na ndimu, akakisuuza, akakiinua mlangoni. Jua la alasiri liliingia ndani yake likatoka likiwa jingine, likaanguka ukutani rangi ya ufizi wa mtoto. Alikaa hapo mpaka ubwabwa ukaungua. Ilikuwa hivyo kila mara. Mtu angeweza kumwita jina lake akaitika bila kujua ameitika.

Kabati lilipojaa, watu wakaanza kuazima. Posa ikija Kwamndolwa, washenga walinyweshwa sharubati katika bilauri za Bi Amne. Maulidi yakisomwa, mabakuli yake yalibeba tende. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba chombo kisitiwe kitu cha moto. Na wao walifuata desturi ambayo hakuna aliyehitaji kukumbushwa, kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kilirudi na kisamvu, au mayai mawili, au mchele wa konzi moja, hata kama ni chumvi tu.

Lakini kwa miaka hiyo yote, alipokuwa akipita mlango kwa mlango, kuna kitu kimoja alichokuwa anakitafuta, na vingine vyote alivikuta njiani.

Mama yao, yeye na dada yake Chausiku, aliwahi kufua nguo katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge upande wa Korogwe, kabla hajaolewa. Mashamba yalipotaifishwa na Wagiriki waliokuwa wakiyamiliki wakafunga mizigo, bibi wa nyumba alimwachia mabakuli sita ya mguu, ya kijani, yamefungwa moja moja kwa singa za katani. Yalikuwa na mbavu nyembamba zilizopanda kutoka mguuni hadi ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa na mawimbi. Mama aliolewa nayo Handeni. Chini ya kila mguu alitia tone la rangi nyekundu, kama wanawake wanavyotia alama vyombo vyao ili visipotelee kwenye shughuli za watu.

Hayakutoka kabatini ila kwa mgeni wa mbali au mgonjwa. Siku hizo mama alitia mtindi, akamwagia asali juu, na kabla ya kumpelekea mwenyewe alisimama mlangoni akaliinua bakuli kwenye mwanga, ahakikishe halina nyuzi wala sisimizi. Mwanga wa kijani uliteleza ukutani. Chausiku na Amne waliukimbiza kwa viganja. Chausiku, aliyekuwa mkubwa, aliufikia. Amne aliruka tu, na mwanga ukampita kichwani. Hadi utu uzima aliota ndoto ya mwanga huo. Chumba kilikuwa maji matulivu ya kijani, mama amesimama mlangoni mgongo umeelekea jua, na yeye anaruka.

Mama aliumwa mwaka wa ukame, Amne akiwa na mimba ya Hafsa, mimba iliyomlaza kitandani. Hakwenda kumuuguza. Mama akafariki, wakazika, na Amne hakuzika. Alifika Handeni siku ya arobaini, mtoto mgongoni, akalikuta kabati la mama wazi na tupu.

"Mabakuli ya mama yako wapi?"

"Yametolewa," Chausiku alisema.

"Yametolewa wapi?"

"Sadaka."

"Yote?"

"Limebaki moja. Ni langu."

Kulikuwa na watu, hawakugombana kwa sauti. Lakini sadaka hairudishwi, na kila mtu analijua hilo. Kesho yake alfajiri Amne alirudi Korogwe. Miezi ikawa miaka. Walionana kwenye misiba, wakapeana mikono, wakaulizana afya za watoto kama watu wa mtaa mmoja wasiojuana majina.

Basi akatafuta. Sadaka hairudishwi, lakini mali kwa mali ni mapatano. Kila alipokwenda upande wa Handeni alichungulia madirishani, alinusa jikoni, alipindua vyombo vya watu kutafuta tone jekundu chini ya mguu. Bakuli la kwanza alilipata Sindeni. La pili na la tatu aliyapata Chanika, mtaa wa kwao hapo Handeni, nyumba zisizo mbali na kwa dada yake, akapita kichwa ameinamisha. La nne alilipata kwa mama mmoja wa Misima, ambaye alikataa.

"Hili si la kubadilisha. Nilipewa."

Amne akatoa beseni kubwa lenye mfuniko. Akaongeza ndoo. Mwishoni akaongeza chupa ya chai, mpya, yenye maua, aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Yule mama alitazama watoto wake, akaitazama ile chupa, kisha akalishika bakuli kwa mikono miwili kwa muda mrefu kabla ya kulitoa. Amne aliona. Hakuuliza. Alikuwa tayari ameliona tone jekundu.

La tano lilichukua miaka mingi, na lilipopatikana Awadhi alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtania. Aliyapanga rafu ya katikati, matano, na mwanya wa la sita.

Sasa, miaka michache iliyopita, mwezi wa Ramadhani, gari la abiria la Handeni lilisimama mbele ya nyumba yake. Ilikuwa Noah, na dereva wake kijana mwenye ndevu aitwaye Shukuru, mkwe wa jirani wa Chausiku.

"Mama, shikamoo. Mzigo wako huu. Nimeambiwa usilale ubavu, na kweli nimeuweka mapajani mwa abiria, ameulea kama mtoto."

Ulikuwa umefungwa kwa nailoni na mpira. Ndani kulikuwa na asali ya msituni, nyeusi, na chini ya asali bakuli la kijani lenye mbavu.

Amne aliupokea kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akakaa. Futari ya jioni ile alikula asali hiyo kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka siku kadhaa zikapita na bakuli likabaki na utando tu. Akalisugua kwa majivu na ndimu. Akafungua kabati akaliingiza kwenye mwanya wake. Mabakuli yakawa sita. Lori lilipopita, alidai Hafsa, mama alisikiliza huku amefumba macho, akasema, "Umesikia? Sauti imetimia."

Kwa maoni yake dada alikuwa amesamehe, akampa alichokuwa anakitaka. Kila asubuhi alilifungua kabati kwanza ndipo akafungua madirisha. Alinenepa kidogo. Aliimba jikoni. Aliota ile ndoto tena, na safari hii aliufikia mwanga kwa ncha za vidole.

Ramadhani iliyofuata hakikuja kitu. Wala iliyofuata tena. Siku moja alikutana na Shukuru stendi ya Korogwe, anafuta kioo cha gari.

"Mama, hukupata mzigo wa kumrudishia dada yako kule?"

"Mzigo gani?"

"Sijui. Mwaka ule, kila nikirudi Handeni, nikipita kwake alikuwa ananiita: 'Shukuru, hakuna changu?' Namwambia hakuna, bibi. Kesho tena: 'Hakuna changu?' Nikawa nacheka, namwambia, bibi, wewe unangojea barua ya mchumba?" Akakamua kitambaa. "Siku hizi haulizi. Na macho nayo yamekwisha, sijui kama ananiona nikipita."

Amne alisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi. Watu walimpita kulia na kushoto. Miaka yote alikuwa amepokea vyombo vyake kutoka kwa wanawake wa Kwamndolwa, na hakuna kilichorudi kitupu. Mama yake alikuwa na neno lake juu ya hilo: chombo kikirudi kitupu ni tusi, kisiporudi ni talaka. Na yeye, kwa kuwa lilikuwa bakuli la mama, kwa kuwa alikuwa amelisubiri nusu ya umri wake, hakuliona kuwa ni chombo cha mtu. Aliliona kuwa ni hazina iliyorudi kwake. Chausiku alikuwa amenyoosha mkono baada ya miaka yote ile, na Amne aliupokea mkono huo akaufungia kabatini.

"Shukuru, kesho unaondoka saa ngapi?"

"Gari ikijaa, mama."

"Niwekee nafasi. Ya mbele."

Alikwenda na bakuli moja. Alinunua mtindi njiani na asali kwa wauzaji wa njiani, akalijaza bakuli nje ya mji wa Handeni, amechutama kando ya barabara, Shukuru akimsubiri bila kupiga honi. Aliingia Chanika amelishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maji ya kumwosha mtu.

Chausiku alikuwa ameketi ukumbini, anachambua maharage kwa kugusa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Hodi. Shikamoo, dada."

Vidole vilisimama kwenye ungo. "Marahaba. Sauti hiyo naijua. Ni ya mtu mmoja alikula asali yangu akanyamaza."

"Ni mimi."

"Nilisema labda imemsakama kooni amekufa. Nikangoja tangazo la msiba, sikusikia."

"Nimekuletea chombo chako, dada. Kimechelewa."

Akakiweka mikononi mwake. Chausiku alikigusa ukingo, mawimbi, mbavu, akashuka mpaka mguuni, akatia kidole kimoja ndani akakilamba.

"Mtindi huu una maji. Ni wa Korogwe?"

"Wa njiani."

"Nimejua." Akalamba tena. Kuku aliingia, akatazama, akatoka. "Na yale mengine matano?"

Amne alishtuka. "Ulijua?"

"Handeni ni kubwa? Kila ulipobadilisha nilipata habari kabla hujafika kwako. Wengine walikuja kulia hapa. Yule wa Misima alikuja, anasema, dada, nimempa mdogo wako zawadi ya mama yenu, nifanyeje, watoto hawana hata ndoo."

"Zawadi? Uliniambia sadaka."

"Mbele za watu nilisema sadaka. Ungenifuata chumbani ningekuambia lililobaki." Chausiku alilishusha bakuli mapajani. "Mwaka ule visima vilikauka. Maji yalikuwa mbali, wanawake wanaondoka usiku kurudi mchana. Mama alikuwa na kiu ya ugonjwa, ile isiyokatika. Wanawake watano walikuwa wanamletea kila mmoja kibuyu, kutoka kwenye maji ya watoto wao. Siku ya mwisho akasema, aliyeninywesha, mpe cha kunywea. Wao watano. Na mimi wa sita. Ndiyo hesabu yote."

Amne alikuwa bado amesimama. Alitafuta mahali pa kukaa, hakuona, akakaa sakafuni.

"Mbona hukuniambia, dada? Miaka yote."

"Uliniuliza?" Sauti ya Chausiku haikupanda. "Uliingia na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni nakungoja nikupeleke kaburini. Hukuuliza kaburi liko upande gani. Ulinipita, ukafungua kabati."

Nje, mtu alikuwa anatwanga. Mchi ulipanda na kushuka, na katikati ya pigo na pigo Amne alijiona vizuri. Alimwona mwanamke kijana aliyejifungua juzi, maziwa yamelowesha kanga, anafungua kabati kwa sababu kaburi asingeliweza. Alitaka kulisema hilo. Lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa limechelewa kuliko hata mtindi, na hakulisema. Alisema, "Nipeleke sasa."

"Nikupeleke na macho gani? Wewe ndiye utanipeleka mimi. Nitakuelekeza."

Wakaenda, mmoja anaona, mwingine anajua njia. Kaburi lilikuwa upande wa machweo, limemea nyasi, na Amne alizing'oa nyasi mpaka mikono ikanuka kijani.

Alirudi Kwamndolwa baada ya siku kadhaa. Hafsa alidhani amekuja kupumzika. Alikuja kuyachukua matano.

Mama wa Misima alikuwa hai, mzee sana, amekunjamana kama kungumanga. Amne alipomweka bakuli mbele, limejaa mtindi, alilitazama kwa muda, kisha akacheka bila meno. "Lile beseni lako lilipasuka zamani! Na ile chupa ya chai haikufika hata Idi." Akalipokea, akala mtindi wote palepale, akaita wajukuu waje waone. Sindeni mambo yalikuwa mengine. Mwenyewe alikuwa amekufa, na binti yake hakulitaka. "Mama, nashukuru, lakini mimi nina watoto sita. Hilo litakaa siku mbili." Alikula kilichomo, akalisuuza, akatia viazi vitatu, akamrudishia. Nyumba ya Chanika moja ilipokea kwa machozi, nyingine kwa mashaka, kana kwamba kuna deni limefichwa chini yake. Wenye nyumba ya tano walikuwa wamehamia Kilindi, na hakuna aliyejua kijiji. Mabakuli hayo mawili yasiyokuwa na pa kwenda yalikaa kwa Chausiku kwa muda. Kisha moja akapewa Elina, msichana wa nyumba ya pili anayemchotea Chausiku maji bombani. Jingine lilipasuka, Chausiku mwenyewe alilitia chai ya moto, kwa kusahau, na akamlaumu mdogo wake kwa kuliweka karibu.

"Miaka yote unawafundisha watu wasitie cha moto, dada yako humfundishi!"

"Wewe umeanza lini kufundishika?"

Vyombo vingine vyote vya kabatini, bilauri za punje, majagi ya nyota, chombo cha waridi cha vifaranga wa Bungu, aliviacha Kwamndolwa, lakini si katika nyumba. Asubuhi moja aliwaita wanawake waliokuwa wakiazima, akafungua milango miwili ya kabati, akawaambia kila mmoja achukue anachokipenda. Hawakuamini. Mmoja alimwuliza Hafsa pembeni kama mama ni mzima. Bi Amne alikuwa mzima. Alisimama kando, akawatazama wakiinua vioo mlangoni mmoja mmoja, wakivigeuza, na rangi zikatambaa ukutani, juu ya makochi, juu ya nyuso za watoto waliokuja kuchungulia. Kwa kitambo kile sebule ilikuwa kama chini ya maji, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka. Watoto waliruka. Yeye hakuruka. Walipoondoka, kila mmoja na chake ndani ya kanga, alifagia chumba.

Hafsa alilia kidogo, si kwa ajili ya vyombo. "Mama, kwa hiyo unahama?"

"Dada haoni."

"Si aje hapa?"

"Mizinga yake ya nyuki atamwachia nani? Na hospitali nimemwambia twende watoe huo utando, anasema baada ya mavuno. Mavuno yakija atasema baada ya Idi. Namjua."

Alibeba begi moja na ungo. Shukuru alimpa kiti cha mbele.

Bi Amne Mdoe sasa anaishi Chanika, Handeni, katika chumba cha uani cha nyumba ya dada yake. Anauza mtindi asubuhi, isipokuwa Ijumaa, anapompeleka dada yake kaburini kwa mama.